Kicheko Kisichofika Kaburini: Ubashiri wa Darasa katika Shule za Marekani

1. Utanzu na mahali pake

Katika shule za sekondari za Marekani, tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20, darasa lililomaliza masomo lilikuwa na sherehe yake iliyoitwa Siku ya Darasa. Desturi hiyo ilianzia katika vyuo vikuu vikongwe, Harvard na Yale vikiwamo, kisha ikashuka hadi shule za miji midogo. Siku hiyo wanafunzi walioteuliwa na wenzao walipanda jukwaani mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alisoma historia ya darasa, wa pili shairi, na wa tatu wasia, ambamo wanaoondoka waliwarithisha wadogo zao madawati mabovu, uvivu na hasira za mwalimu wa hesabu. Mwingine, ambaye hadhira ilimngoja kwa hamu kuliko wote, alisoma ubashiri. Aliwataja wenzake kwa majina na kueleza kila mmoja angekuwa wapi, na nani, na katika kazi gani, baada ya miaka kumi au ishirini. Watu walicheka, wazazi wakiwa miongoni mwao. Baadaye maneno hayo yalichapwa katika kitabu cha mwaka cha shule, pamoja na picha za wahitimu, na ndiyo sababu mengi yamesalia hadi leo.

Wahakiki hawakuutazama sana utanzu huu. Umeonekana kuwa mchezo wa watoto uliotungwa kwa alasiri moja tu na kufa jioni yake. Hata hivyo, ni vigumu kupata mahali pengine ambapo jamii humpa kijana wa miaka kumi na minane kazi nzito namna hii: kuwagawia wenzake maisha, hadharani, kwa kicheko. Makala haya yanakusudia kuuchunguza ubashiri huo katika fani na maudhui yake, na kutetea hoja moja, kwamba ubashiri wa darasa ni nusu ya utani. Umechukua ruhusa ya mtani ya kucheka, lakini umeacha wajibu wake wa kuzika. Kazi mbili kubwa za sanaa ya Marekani, tamthilia moja na filamu moja, zinaeleweka vizuri zaidi zikisomwa kama juhudi za kuirudisha nusu iliyoachwa.

2. Neno na wakati wa kitenzi

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kutaja tendo hili, na kila moja lina njia yake. Kuagua ni neno la Kibantu, na mwaguzi hutafuta kilichofichika ili aponye. Kutabiri kumetoka katika Kiarabu, ambako asili yake inahusu kufasiri ndoto. Kubashiri nako kumetoka Kiarabu, katika mzizi wa bishara, yaani habari njema. Unabii umebaki katika dini. Waamerika wenyewe waliupa utanzu wao jina la unabii, wakijua kwamba jina ni kubwa kuliko kitu, na ukubwa huo wa jina ni sehemu ya mzaha. Kwa Kiswahili, ubashiri ndilo neno linalofaa zaidi, kwa sababu kitu kinachotangazwa ukumbini ni habari njema tupu, hata pale zinapovikwa nguo za kuchekesha.

Kuna jambo la sarufi linalostahili kuangaliwa. Mtu angetarajia ubashiri ujengwe kwa wakati ujao: fulani atakuwa hivi, fulani atafanya vile. Matini mengi hayafanyi hivyo. Msimulizi hujipeleka kwanza huko mbele, kwa ndoto, kwa kioo cha mwaguzi, kwa safari ya chombo cha angani au kwa gazeti la miaka ishirini ijayo lililoangukia mikononi mwake. Akishafika, huzungumza kwa wakati uliopo au uliopita: alipokuwa akipita Paris alimkuta nani, akasikia nani ameoa. Kiambishi kinachotawala si -ta- bali ni -li- na -na-. Kwa hila hiyo, jambo ambalo halijatokea linasimuliwa kama kumbukumbu, na wahitimu, ambao asubuhi hiyo wanaogopa kutawanyika, hupewa picha ya mkutano ambao tayari umefanyika. Ndani ya fani yenyewe mna faraja, kwani wote wapo, wote wameonekana, na hakuna aliyepotea.

3. Ufundi wa mzaha

Mzaha wa ubashiri wa darasa hutumia mbinu tatu. Ya kwanza ni kugeuza. Mvulana anayechelewa kila asubuhi atakuwa mkuu wa stesheni ya treni. Msichana asiyefungua kinywa atakuwa dalali wa mnadani. Aliyeshindwa hesabu atakabidhiwa hazina ya taifa. Ya pili ni kukuza. Anayependa kula atamiliki hoteli kumi, na aliyepiga tarumbeta vibaya atafukuzwa katika kila mji wa Ulaya. Ya tatu ni kuunganisha. Wawili waliogombana mwaka mzima wataoana, na mwenzao mkorofi atakuwa mchungaji atakayewafungisha ndoa.

Mbinu hizi zote hutegemea ujuzi ambao hadhira inao tayari. Anayesoma matini hayo miaka themanini baadaye hacheki, kwa kuwa hakumjua mchelewaji wala mpiga tarumbeta. Kwa hiyo, ingawa yamechapwa, matini hayo yana tabia ya fasihi simulizi: maana yake imo nusu katika maneno na nusu katika nyuso za wasikilizaji. Hapo ndipo panapopatikana kipimo cha kuutenga ubashiri mzuri na mbaya. Majina yakibadilishwa, Petro awekwe mahali pa Yohane, na maneno yakabaki yanafaa, mtunzi hakufanya kazi. Amechukua akiba ya vichekesho na kuwagawia watu bila kuwatazama. Jina likiondolewa na sentensi ikaanguka, mtunzi amemwona mwenzake. Kijana anayechekwa kwa jambo lililo lake peke yake hupokea zawadi ndani ya dhihaka, kwa maana darasa linakiri kwamba lilimjua.

Kipimo hicho kinaonyesha pia ukatili wa utanzu, ambao haumo daima katika dhihaka kali. Darasani kuna mwanafunzi ambaye hakuna aliyemtazama vya kutosha hata amdhihaki. Huyo hupewa mstari mmoja wa heshima: atakuwa mfanyakazi mwema, atapata familia njema. Ukumbini hakuna anayecheka mstari huo unaposomwa. Katika utanzu ambao sarafu yake ni kicheko, heshima ya namna hiyo ni umaskini.

4. Rafu ya maisha yaliyopo

Mbashiri anajidai kutazama mbele, lakini maisha anayoyagawa huyachukua katika rafu ya mji wake. Rafu hiyo haikuwa sawa kwa wote. Mvulana alibashiriwa kazi. Msichana, mara nyingi, alibashiriwa mume au kukosa mume. Kabla ya 1920, mwaka ambao katiba ya Marekani iliwahakikishia wanawake haki ya kupiga kura, kumtaja msichana kuwa mwanasiasa kulikuwa mfano mwepesi wa mbinu ya kugeuza: hadhira ilicheka kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa nje ya rafu.

Sheria ilibadilika kabla ya kicheko. Hillary Rodham, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Clinton, alihitimu mwaka 1965 katika shule ya Maine South, karibu na Chicago. Gazeti la wanafunzi lilibashiri kwa mzaha kwamba angekuwa mtawa na kuitwa Sista Frigidaire. Wasomaji wa Kongo hawahitaji maelezo, kwani jina la chapa hiyo limeingia katika Kifaransa kama jina la chombo chenyewe, na nyumbani chombo hicho huitwa frigo. Maana ni kwamba msichana mwenye akili na nia ya kuongoza ni baridi, na aliye baridi hana mume, na asiye na mume apelekwe utawani. Mwaka 2016 mtu huyohuyo aligombea urais, akiwa mwanamke wa kwanza kuteuliwa na chama kikubwa nchini humo. Kama ubashiri, maneno ya gazeti yalikosea kabisa. Kama maelezo ya rafu ya mwaka 1965, yalikuwa sahihi mno, kwa kuwa dhihaka ya ubaridi ilimfuata hata katika kampeni zake za utu uzima. Ubashiri wa darasa hauelezi yatakayompata mtu. Unaeleza yale ambayo jamii yake imekwisha kuamua kumwona nayo.

Mfano wa Dayton, katika jimbo la Ohio, unakwenda ndani zaidi. Katika shule ya Central High School walisoma pamoja Paul Laurence Dunbar na Orville Wright. Dunbar, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, alikuwa Mweusi pekee katika darasa lake, naye aliongoza chama cha fasihi cha shule, akahariri gazeti lake, na akatunga wimbo wa kuagana wa darasa la 1891. Wright aliacha shule bila kupata diploma. Mbashiri yeyote wa darasa hilo angetafuta mzaha wa kukuza uliopita mipaka, angesema kwamba mmoja wao ataruka angani kwa mashine. Ukumbi ungecheka. Kisha, kwa uzito wote, angesema kwamba mhariri na mtunzi wao atapata kazi ya kalamu katika ofisi ya mjini. Ukumbi ungekubali kwa makofi. Desemba 1903 Wright aliruka. Dunbar alitafuta kazi ya kalamu katika mji wake, akanyimwa kwa sababu ya rangi, akaajiriwa kuendesha lifti katika jengo la ofisi. Humo ndani ya lifti aliwauzia abiria wake kitabu chake cha kwanza cha mashairi. Alipata umaarufu baada ya 1896 na akafa mwaka 1906. Ilikuwa rahisi zaidi kwa kijana mmoja kuruka angani kuliko kwa mwenzake kupewa kiti mbele ya meza. Ubashiri wa kuchekesha unajua kusema jambo lisilowezekana. Jambo linalowezekana lakini limekatazwa haujui kulisema.

5. Mtani na mbashiri

Hapa dhana ya utani inasaidia. Tangu Radcliffe-Brown alipoandika mwaka 1940 juu ya uhusiano wa mzaha, wanaanthropolojia wameeleza utani kama uhusiano ambamo mmoja ana ruhusa, na mara nyingine wajibu, wa kumdhihaki mwingine, na mwingine hana ruhusa ya kukasirika. Watumiaji wa Kiswahili waliujua kabla ya maelezo hayo. Uko kati ya makabila na makabila huko Tanzania. Uko kati ya babu na mjukuu mahali pengi. Kule Lubumbashi nkambo humwita mjukuu wake wa kike mke wake, na hakuna anayeshangaa.

Mbashiri wa darasa anafanana na mtani katika mambo mawili: amepewa ruhusa na jamii, na anayedhihakiwa hulazimika kucheka. Lakini mtani ana kazi ya tatu. Kunapokuwa na msiba, yeye ndiye anayefika na kufanya yale ambayo wafiwa hawawezi. Husaidia katika mazishi, na papo hapo humdhihaki marehemu, humwigiza, hudai deni lake, mpaka waliolia wanacheka wakiwa bado na machozi. Ruhusa ya kucheka siku ya furaha imelipiwa kwa wajibu wa kucheka siku ya kifo. Mtani anayekula harusini na kukimbia matanga hahesabiwi kuwa mtani.

Ubashiri wa darasa hukimbia matanga. Kanuni yake isiyoandikwa ni kwamba wahitimu hawafi. Wanaweza kufilisika, kunenepa, kupotea Afrika au kwenye Ncha ya Kaskazini, kuoa mara nne, kaburi halitajwi. Kanuni hiyo inaeleweka, kwa kuwa mama za vijana wameketi mstari wa mbele. Lakini hesabu ya miaka ni kali. Darasa la Juni 1941 lilikuwa na miezi sita kabla ya nchi yake kuingia vitani. Darasa la 1965 lilihitimu mwaka ambao majeshi ya Marekani yaliongezwa kwa maelfu huko Vietnam. Katika vitabu vya mwaka vya miaka kama hiyo, kicheko na ukimya vimekaa katika ukurasa mmoja, na ukimya ndio uliobashiri vizuri zaidi.

6. Waliorudisha nusu iliyoachwa

Thornton Wilder aliitoa tamthilia ya Our Town mwaka 1938. Mambo yake yanatukia katika Grover's Corners, mji mdogo wa kubuni katika jimbo la New Hampshire, kati ya 1901 na 1913. Msimulizi wake, Msimamizi wa Jukwaa, ana uwezo uleule wa mbashiri wa darasa: anawajua wote, anawatania, na anajua yatakayowapata. Tofauti ni kwamba anasema yote. Mapema katika tendo la kwanza anapita Joe Crowell, mvulana wa kugawa magazeti, na maneno mawili matatu ya asubuhi yanasemwa. Kisha Msimamizi anaieleza hadhira kwamba Joe alikuwa na akili nyingi, akahitimu wa kwanza, akapata nafasi katika chuo kikubwa cha ufundi cha Massachusetts, na alikuwa aje kuwa mhandisi mkubwa. Vita vikatokea, akafia Ufaransa. Huu ni ubashiri wa darasa hatua kwa hatua, pamoja na sifa na kazi iliyotabiriwa, isipokuwa sentensi ya mwisho, ile ambayo utanzu umeikataza. Kitenzi chenyewe kimebeba mambo mawili yasiyopatana, alikuwa na atakuwa, na katika mgongano huo mna huzuni yote.

Emily Webb, msichana hodari wa darasa, anajibashiria mwenyewe. Baada ya kusifiwa kwa hotuba aliyoitoa darasani, anamwambia mama yake kwamba atakuwa akitoa hotuba maisha yake yote. Hadhira hutabasamu. Mji wake hauna rafu yenye kazi hiyo kwa msichana. Anaolewa na George Gibbs, naye anafariki katika uzazi mwaka 1913. Katika tendo la tatu, akiwa makaburini kati ya wafu, ndipo anapozungumza kwa urefu na kwa uwezo. Wilder ameutimiza ubashiri wake kwa namna ambayo hakuna ukumbi ungeuchekea. Msimamizi amefanya kazi ya mtani mkamilifu: alitania kwenye harusi, na yupo kwenye mazishi.

Filamu ya George Lucas, American Graffiti, ya mwaka 1973, inafuata njia fupi zaidi. Inaonyesha usiku mmoja wa mwaka 1962 katika mji wa Modesto, California, ambako vijana waliohitimu wanazunguka na magari kabla ya wawili kusafiri kwenda chuoni. Karibu filamu yote ni kicheko. Mwishoni picha nne zinatokea, mithili ya ukurasa wa kitabu cha mwaka, na chini ya kila moja mstari mmoja. John Milner aliuawa na dereva mlevi mwaka 1964. Terry Fields ametoweka vitani karibu na An Loc mwaka 1965. Steve Bolander ni wakala wa bima hukohuko Modesto. Curt Henderson ni mwandishi, anaishi Kanada. Mistari hiyo mikavu inageuza yote yaliyotangulia: Terry, mchekeshaji wa kundi, ndiye asiyejulikana alipo, na nchi anakoishi Curt inafanya wengi wafikirie vijana waliokwepa kuandikishwa jeshini.

Kazi hii ina kasoro ambayo kipimo cha utani kinaifichua mara moja. Picha ni nne, na zote ni za wavulana. Laurie, Debbie na Carol, ambao wamejaza usiku ule, hawana mstari. Mhakiki Pauline Kael alililaumu jambo hilo filamu ilipotoka, na lawama yake ni ya haki. Lucas alivunja kanuni ya kuficha kifo, akaiacha ile ya rafu. Msichana wa 1962 alistahili angalau mstari mmoja wenye jina lake, hata uwe mbaya. Katika hili Wilder, miaka thelathini na mitano kabla yake, alikuwa mbele zaidi.

7. Hitimisho

Ubashiri wa darasa haufai kupimwa kwa kuuliza kama yaliyosemwa yametokea. Maswali yanayofaa ni mawili. La kwanza: je, kila mmoja amepata sentensi iliyo yake, isiyoweza kuvaliwa na mwingine? La pili: je, anayecheka angekuwa tayari kusimama na huyo anayemcheka siku ambayo mambo hayatakuwa ya kuchekesha? Swali la kwanza linaweza kujibiwa ukumbini. La pili halijibiwi ila kwa miaka, na ndiyo maana Wilder na Lucas walilazimika kuandika wakiwa watu wazima kile ambacho mbashiri kijana hakuweza kukiandika.

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuazima vipimo kutoka nje ili upime kazi za nyumbani. Hapa safari imekwenda upande wa pili, na dhana ya utani, iliyozaliwa katika vijiji na misiba ya Afrika, imeonyesha katika matini ya Marekani ufa ambao vipimo vingine vinaupita bila kuuona. Mwanafunzi atakayesoma kitabu cha mwaka cha shule yoyote, ya mahali popote, atafanya vema kuanza na yule aliyepewa mstari wa heshima ambao haukuchekwa na mtu. Hapo darasa limesema, bila kukusudia, ni nani ambaye halikumjua.